Kabla ya mazutu, tuulize meno ya mashini

Wanakoperative wa Mushaki, tukichanga pesa za barabara ya Sake, tunauliza mazutu tu. Naona tunakosea. Nimeshaona mashini imelala siku tatu, maziwa na viazi vinaharibika, sababu ya jino moja la kijiko! Jino lile limeshikwa na pini. Fundi anaitoa pini kwa nyundo (avae miwani, chuma huruka), anavalisha jino jipya, anarudisha pini: dakika chache, hata mlimani pasipo umeme. Lakini jino la akiba lilikuwa Goma. Na ukichimba bila jino, mawe yanakula shina lenyewe, ndipo kuchomelea kunaanza. Basi tuandike katika mkataba: meno na pini za akiba vifike pamoja na mashini. Kamati ivihesabu kabla ya kutoa hata franga moja.