Ile maski imetumika mara ngapi?

Wandugu wa mu mugodi, na mama zetu wa nyumbani,

Kila mara tunakaa na patron juu ya matunzo ya hospitali, siye madelege tunauliza vitanda ni vingapi, dawa ziko ao haziko, ambulansi inatembea ao imelala. Maswali mazuri. Lakini mu chumba cha operasio, ku kichwa cha mugonjwa, kuko sahani moja ndogo ya chuma. Miaka yote hii hatujauliza hata siku moja mule ndani muko nini.

Mutu akipewa usingizi wa kulala kabisa, misuli yake inalegea, ulimi unarudi nyuma na kuziba njia ya pumzi. Munganga wa usingizi yuko na dakika chache za kumufungulia. Anaweza kutia tiyo: anafungua kinywa na laringoskopu, kile chuma chenye taa, anatafuta mulango wa sauti, anapitisha tiyo mupaka mu bomba la pumzi. Ku ncha kuko kamufuko ka hewa kenye kufunga bomba, matapishi yasishuke mu mapafu. Ao anatia maski ya laringi, yenye munganga Mwingereza Archie Brain alianza kutengeneza mwaka 1981. Hii haiingii mu bomba, inakaa juu ya mulango wake tu. Ni nyepesi kutia na koo haliumii sana, lakini chakula kikipanda kutoka mu tumbo, maski haikizuii sawasawa kama tiyo.

Hapa tunaweza kusema juu ya mwenzetu mmoja, dereva wa kamio kubwa. Aliingia hospitali juu ya herni. Walimukataza kula. Asubuhi bibi yake akamuletea bukari na sombe, juu mutu hawezi kwenda ku kisu na tumbo mutupu. Akakula. Walipomuuliza, akajibu: hapana, sijakula kitu. Basi wakamutia maski, kama vile inafanywa kwa operasio ndogo. Chakula kikapanda, kikaingia mu mapafu. Alikaa siku tisa ku oksijeni. Alipona, tunashukuru Mungu, lakini mupaka leo akipanda ngazi ya kamio yake anasimama katikati kutafuta pumzi.

Yule mama hatumulaumu. Walimuambia: asikule. Hakuna mwenye alimuambia ni juu ya nini. Basi mulijue: chakula kinaachwa saa 6 kabisa mbele ya usingizi, na kama ni chakula kizito, muda zaidi. Maji safi yanaachwa saa 2. Munkoyo si maji. Na kama umekula, sema, hata kama watakurudisha nyumbani.

Mwenye kuangukiwa na jiwe, yeye hana nafasi ya kungojea. Maumivu yanasimamisha tumbo, chakula cha asubuhi kinaweza kuwa kingali mule mangaribi. Kwake yeye tiyo njo ya kwanza, na mutu wa pili anashika kichwa na shingo visitikisike, juu huenda mufupa wa shingo umevunjika. Maski inabaki karibu, ya kumuokoa kama tiyo imekataa kuingia. Mwenye kuuliza kipi kinashinda kingine, tiyo ao maski, tutamujibu: uko nani, na ulikula saa ngapi?

Hata kutia maski yenyewe kuko na mashindano. Brain alifundisha kutoa hewa yote, kupaka mafuta ya maji ku mugongo wake, na kuisukuma na kidole kufuata dari ya kinywa. Wengine wanaacha hewa kidogo ndani. Wengine wanaingiza maski imelala upande, wanainyoosha ikisha kupita ulimi. Tafiti kadhaa zimeona kwamba hii ya upande inaingia zaidi mara ya kwanza, na damu inatoka kidogo. Siye hatuko wanganga, hatutachagulia mutu mukono wake. Tunachotaka ni munganga mwenye kujua zaidi ya namna moja, mwenye amejifunza ku sanamu mbele ya kujifunza mu koo la baba yetu.

Sasa jambo lenye linatukasirisha. Maski ya Brain ya kutumia tena inachemshwa kwa mvuke, na watengenezaji wanasema mwisho ni mara 40. Inakuja na kikaratasi cha kuandika kila mara. Nani anaandika? Mu mugodi wa chini, kamba ya keji tunajua ilifungwa siku gani na itatolewa siku gani, na hatukusoma uingenieri. Taa iko na namba. Na kitu chenye kushika pumzi ya mutu kinatumika mupaka kipasuke?

Kuko pia mashine yenye kupima hewa chafu yenye mugonjwa anatoa, kapnografu. Tiyo ikiingia ku njia ya chakula, mashine inaonyesha mu pumzi chache tu. Kale ka kidole kenye taa nyekundu kanachelewa, mutu anaweza kuwa amekwisha kukaa dakika nzima bila hewa. Uchunguzi mukubwa wa Uingereza wa mwaka 2011 ulikuta kwamba mu vyumba vya wagonjwa mahututi, kukosa ile mashine kulichangia zaidi ya watu 7 kati ya 10 wenye walikufa kwa mambo ya njia ya pumzi. Na kule ni Uingereza.

Watatuambia: hayo ni mambo ya wanganga. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inaagiza mwajiri atunze mufanyakazi pamoja na familia yake. Mwenye kuchagua hospitali ya kututuma ni yeye, basi jibu pia ni lake.

Ku mazungumuzo yenye kuja, delege aulize: kapnografu iko na inawaka? Maski ziko za vipimo vyote, hata za watoto wetu? Tiyo ikikataa, kuko nini kingine ku sahani? Kisha aombe kuona kile kikaratasi cha mara 40. Hata kama ni kitupu, akichukue picha.