Neno la Mhariri: Waliotolewa Raundi ya Kwanza

Timu ya chuo ikitolewa raundi ya kwanza, maneno huwa mengi kuliko dakika ilizocheza. Wachezaji hawajashuka kwenye gari, hukumu imeshapita: hawana mazoezi, walikwenda kutembea, kocha hafai, michango ya wazazi imeliwa bure. Toleo hili limebeba makala kuhusu michezo ya shule na vyuo katika ukanda wetu wa Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, na kabla msomaji hajafungua kurasa zinazofuata, nataka kuwatetea hao waliofungasha virago mapema. Nawatetea kwa sababu ndio wengi. Mashindano yoyote ya mtoano hutuma nusu ya timu nyumbani baada ya mechi moja, na mchezo unaowajali mabingwa peke yao umewatupa watoto wengi kuliko uliowalea.

Mfano mkubwa kuliko yote uko Marekani. Mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vyao, yale ya kila Machi yaliyoanza mwaka 1939, siku hizi huingiza timu 68 za wanaume. Chache hucheza mechi za mchujo hadi zibaki 64, kisha katika siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, huchezwa mechi 32 na vyuo 32 vikaaga. Kwa saa zetu mechi hizo huanza kama saa 1 usiku, na ya mwisho huwakuta wavuvi wa Matema wakirudi na mitumbwi. Wapo vijana wetu wanaokesha nazo, simu moja kwa watu watano, bando likichangiwa. Niliwahi kukaa nao na kuwasikiliza. Chuo kikubwa kikifungwa na kidogo, kelele zilikuwa za furaha kwa mdogo, jambo jema, lakini zilichanganyika na dharau kwa mkubwa kana kwamba wale wachezaji walikuwa wezi. Na wenzao wa huko hawana tofauti. Machi 2024 Kentucky, chuo kikubwa, ilifungwa na Oakland, chuo kidogo, 80 kwa 76 raundi ya kwanza, na kabla Aprili haijafika mbali kocha John Calipari, aliyekuwa pale miaka 15, alikwishahamia Arkansas.

Ipo njia nyingine ya kupokea kipigo. Tarehe 16 Machi 2018 chuo cha Virginia, kilichopangwa wa kwanza kabisa kwa ubora, kilifungwa 74 kwa 54 na UMBC, chuo kilichopangwa wa 16, yaani wa mwisho, katika kanda yao. Tangu mashindano yapanuliwe mwaka 1985, aliyepangwa wa 16 alikuwa hajamfunga wa kwanza hata siku moja; mara 135 walikutana, mara 135 mkubwa alishinda. Virginia ilichekwa dunia nzima. Chuo kikambakisha kocha Tony Bennett, wachezaji wengi wakabaki, na Aprili 2019 wakatwaa ubingwa wa nchi.

Lakini sisi Watanzania tuna mtu wetu katika habari hii, na kwake nataka kukaa zaidi. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa sentimita 221, aliushika mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15 hivi. Alikwenda Marekani, akamalizia sekondari Houston, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Mwaka wake wa kwanza timu haikufuzu kabisa. Wa pili ikafuzu, ikapangwa wa nne katika kanda yake, na tarehe 21 Machi 2008, mjini Tampa, ikakutana na San Diego, chuo kilichopangwa wa 13. Mchezeshaji wao, A.J. Price, aliumia goti kipindi cha kwanza na hakurudi. Hata hivyo walikaza mpaka dakika za nyongeza. Ikiwa imebaki sekunde moja na ushee, De'Jon Jackson wa San Diego akatupa, mpira ukazama. Matokeo: 70 kwa 69. Thabeet na wenzake wakaingia vyumbani, na msimu ukawa umekwisha.

Mwaka uliofuata, tarehe 19 Machi 2009, walirudi kwenye raundi ileile ya kwanza, safari hii Philadelphia. Kocha wao Jim Calhoun alikuwa hospitalini siku hiyo. Msaidizi wake, George Blaney, ndiye aliyesimama kwenye benchi. Wakaifunga Chattanooga 103 kwa 47. Wakaendelea mpaka nusu fainali, Detroit, wakatolewa na Michigan State 82 kwa 73. Juni mwaka huo Memphis Grizzlies ikamchagua Thabeet wa pili katika orodha ya wachezaji wapya wa NBA, nyuma ya Blake Griffin, naye akawa Mtanzania wa kwanza kuingia ligi hiyo.

Wengi nyumbani walimfahamu siku ile ya Juni, na waliomlaumu baadaye kwamba hakung'ara NBA kama walivyotarajia nao walianza kuhesabu kuanzia Juni. Mimi naitazama zaidi Tampa. Mechi ile iliyomtoa raundi ya kwanza ilikuwa ya 33 kwa Connecticut msimu ule. Alikuwa amecheza tangu Novemba, wiki baada ya wiki, dhidi ya wakubwa na wadogo, ndani ya ukumbi wenye sakafu ya mbao, akiwa na daktari, chakula na darasa. Kipigo kile kilimuumiza, hakikumwacha mikono mitupu. Na kilipopita, kulikuwa na mechi nyingine 36 zikimsubiri mwaka uliofuata.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mwanafunzi wetu wa Kyela anapoingia raundi ya kwanza, mara nyingi hiyo ndiyo mechi yake ya kwanza ya mwaka yenye refa, saa na karatasi ya alama. Akifungwa, ndiyo imekuwa ya mwisho pia. Mashindano kwa Mmarekani ni kilele cha msimu. Kwa kijana wetu mashindano ndiyo msimu wenyewe, wote, dakika 40 au pungufu yake. Kisha tunamhukumu kwa hizo.

Tena anaingia akitoka wapi? Twende uwanjani. Viwanja vingi vya kikapu vya ukanda huu ni vya udongo. Nguzo ni za mbao au bomba, ubao umeungwa vipande vya mbao, na ringi imekunjwa kwa nondo na fundi wa kuchomelea. Ringi ya namna hiyo haina huruma: mpira ukiigusa kidogo tu unaruka mbali, kwa hiyo kijana hujifunza kulenga ubao na kuikwepa ringi. Udongo wetu wa bondeni ni ule unaoshika mpunga vizuri, na maana yake unashika na mpira vilevile. Mvua ikinyesha mpira haudundi kabisa. Jua likiwaka ardhi inapasuka na mpira unakwenda unakotaka wenyewe. Mchezaji wa hapa kwa hiyo hadundi sana, hupasia haraka. Mpeleke Mbeya kwenye saruji, mpira unampandia kifuani kabla hajautazamia. Dakika kumi za kwanza anapoteza mipira, na jukwaani mtu anasema hawa hawajui kucheza. Wanajua. Wanajua mchezo wa uwanja mwingine.

Na sehemu ya saruji iliyo wazi hapa kwetu ina wenyewe: mpunga na kakao huihitaji ili vikauke. Simlaumu anayeanika, hayo ndiyo yanayolipa ada.

Kuna na kalenda. Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Zinaanza Novemba, zinafikia ukali Aprili, na mwezi Mei bado zinadondoka. Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika, na Songwe huwa inabadili hata mkondo wake mpakani. UMISSETA, yaani mashindano ya shule za sekondari, ngazi ya taifa hupigwa Juni. Maana yake ni kwamba miezi ambayo shule ya Dodoma inafanya mazoezi kila jioni, ya Ipinda inatazama dimbwi. Jua letu linakuja mashindano yakishapita. Nani amewahi kuliweka hilo mezani wakati wa kupanga ratiba, au hata wakati wa kutoa lawama?

Najua jibu la wasimamizi: mtoano unaokoa siku na fedha. Hesabu hiyo siikubali. Gharama kubwa kwa timu ya Kyela ni safari. Ukishalipa gari mpaka Mbeya, au kwa kikosi cha mkoa mpaka Mwanza, Mtwara, Tabora au Iringa, ambako UMISSETA imefanyika miaka hii, mechi ya pili na ya tatu hazigharimu kitu ukilinganisha na nauli. Kuwasafirisha watoto 12 ili wacheze mara moja ndio ubadhirifu. Panga makundi, kila timu icheze angalau mara tatu. Muda ukibana, basi waliotolewa siku ya kwanza wapambane wenyewe kwa wenyewe siku ya pili, wawe na kombe lao. Wasichana hasa, ambao bajeti ikikatwa huwa wa kwanza kubaki nyumbani, wasirudishwe na mechi moja kana kwamba walikuwa wasindikizaji.

Ninalisema kwa mkazo kwa sababu matokeo ya raundi ya kwanza yana tabia ya kugeuzwa ushahidi. Mkuu wa shule asiyependa michezo akisikia timu imefungwa mechi ya kwanza, mwakani anaifuta kwenye bajeti, na maelezo yake yanaonekana ya busara. Nchi hii imeshapita njia hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule ilisimamishwa kitaifa kwa hoja kwamba inakula muda wa masomo. Ikarudishwa baada ya miaka kadhaa, ila walimu waliokuwa wakijua kufundisha kikapu, wavu na riadha walikuwa wamestaafu au wamehama, na vitu vya namna hiyo havirudi kwa waraka. Kizazi kizima cha sekondari kilipita bila hata hiyo mechi moja ya kufungwa.

Sasa tufanye nini? Tuanzishe ligi ya mwambao. Isiwe ya mtoano. Iwe ya nyumbani na ugenini, kila Jumamosi, kuanzia Julai mvua zikishakata na mpunga mwingi ukishaingia ghalani, mpaka Oktoba kabla mawingu hayajarudi. Kyela mjini, Ipinda, Matema, Itungi na Kasumulu ziko karibu kiasi kwamba timu inaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Barabara ya Kikusya, Ipinda hadi Matema imetuondolea kisingizio cha tope. Tukuyu wakitaka kushuka, karibu. Chuo cha Ualimu Mpuguso kina vijana ambao kesho ndio watakuwa walimu wa michezo wa shule hizihizi, na hakuna mahali pazuri pa kujifunza urefa kuliko kwenye ligi ambayo hakuna anayetolewa. Karonga nao, ng'ambo ya Songwe nchini Malawi, ni ndugu zetu kwa lugha na ndoa. Wakipatikana kwa mechi za kirafiki itakuwa faida kwa pande zote mbili.

Tusisubiri itoke juu. Kyela imewahi kuwa na mbunge, Dk. Harrison Mwakyembe, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya michezo kuanzia 2017 hadi 2020. Simtaji kwa kumlaumu. Namtaja kwa sababu hata jimbo likiwa na waziri, uwanja wa shule ya kata hausawazishwi wizarani. Na anayedhani ukanda huu ni mdogo mno akumbuke mwaka 1986, Tukuyu Stars walipoutwaa ubingwa wa soka wa Tanzania Bara mbele ya Simba na Yanga. Hawakuwa na utajiri. Walikuwa na vijana waliocheza pamoja mara nyingi, na mji uliokuwa nyuma yao wakishinda na wakishindwa.

Ligi ya namna hii haihitaji mengi: mipira miwili kwa kila kituo, filimbi, chokaa ya mistari, ringi zilizopimwa urefu mmoja, na mwalimu mmoja aliyesoma sheria za mchezo. Saruji ije baadaye. Msimu mmoja wa mechi kumi kwa kila timu utatupa wachezaji ambao wakifungwa raundi ya kwanza mwakani tutakuwa na haki ya kuwauliza kilichotokea.

Wakuu wa shule na vyuo, maofisa michezo wa wilaya, wazazi, wenye magari: tuandikieni mna uwanja gani, hali yake ikoje, na Jumamosi zipi mnaweza. Orodha tutaichapa katika toleo lijalo, kwa majina ya shule na vijiji, ili ratiba iwe tayari kabla ya Julai. Na timu yenu ikirudi mapema safari hii, ipokeeni stendi, muwape watoto chakula, na muwaambie mazoezi yanaanza Jumatatu.