Dereva Mpya, Uliza Bei ya Siku ya Ajali

Ukishapata leseni, watu wa mtaani watakuuliza gari utaendesha la nani. Siku mzee anakubali kukuachia funguo, au siku umefaulu kununua Vitz ya mkononi, swali linakuwa bima. Hapo ushauri wa bure unamiminika, kuanzia stage ya Olympic hadi Kawangware 46: "Chukua tu thadipati ya bei ya chini, si ni stika ya kuonyesha karao?"

Nusu ya ushauri huo ni sawa. Kwa dereva wengi wa Kibera na Kawangware, thadipati ndiyo bima wanayoweza kulipia, na mara nyingi ndiyo pekee watakayopewa, kwa sababu kampuni nyingi hazikubali kuandikia bima kamili gari lililozeeka sana. Ukiwa na Toyota 110 ya zamani, usipoteze siku nzima mjini ukitafuta bima kamili. Kinachonisumbua ni ile nusu ya pili, ya stika. Mtu akinunua stika ya kuonyesha polisi hataki kusoma kilichoandikwa nyuma yake, na akiwa dereva mpya ndiye aliyehitaji kusoma kuliko wote.

Tuanze na kile thadipati inafanya. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, inamtaka kila mwenye gari barabarani awe na bima ya kumlipa mtu mwingine atakayeumia au kufa kwa sababu ya gari hilo. Boda nayo imo, kama ulikuwa unajiuliza. Kwa hiyo ukimgonga mama anayevuka Naivasha Road na mboga zake, bima ndiyo inasimama kulipa, mwisho ni shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Mahakama ikimpa zaidi ya hapo, kinachozidi kinakufuata wewe. Bima hiyo mara nyingi hulipia pia mali ya huyo mwingine hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba. Gari lako hairekebishi hata taa moja. Na marafiki uliowabeba kwenda Ngong Jumapili? Uliza kabla ya kulipa, kwa sababu kwa gari la kibinafsi abiria mara nyingi ni kifungu cha kuongezwa.

Sasa, jambo ambalo vijana wengi hawaambiwi. Ukiwa na binamu Uingereza, amekusimulia jinsi kijana wa miaka 19 anavyotajiwa bima inayokaribia bei ya gari lenyewe. Kule umri unakukamata mlangoni. Hapa thadipati ya gari la kibinafsi kwa kawaida inazunguka shilingi 7,500 kwa mwaka, uwe na miaka 20 au 60, na bima kamili hupigwa kama asilimia ya thamani ya gari. Kijana anaona bei ni moja na ya babake, anashukuru Mungu, anaenda zake. Lakini ukiwa na bima kamili, umri wako unaulizwa baadaye, siku umegonga. Mkataba huwa na kiasi ambacho wewe unatoa mfukoni kwanza kabla kampuni haijaweka chake, na kwa dereva mchanga kiasi hicho huongezwa. Mchanga ni nani? Kila kampuni ina maelezo yake: kuna wanaoangalia umri, kwa mfano chini ya miaka 25, na kuna wanaoangalia leseni ina muda gani. Wewe mwenye leseni ya miezi minne pengine uko kwenye makundi yote mawili.

Tupige hesabu ya mfano. Gari lina thamani ya shilingi 600,000 na umetajiwa asilimia 5. Hiyo ni 30,000. Ongeza tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, ambayo ni 60, na ya mfuko wa kufidia wenye bima ya asilimia 0.25, ambayo ni 75, halafu ushuru wa stempu 40. Unalipa 30,175. Mkataba unasema ukigonga utatoa 15,000 ya kawaida, na dereva mchanga anaongeza 10,000. Wiki ya tatu unarudi nyuma pale Toi Market, unakwaruza mlango na kuvunja taa, fundi anasema 22,000. Kampuni inakulipa ngapi? Sufuri. Umeshindwa kufika hata 25,000 yako.

Ndiyo maana naona kulinganisha kampuni kwa bei ya kununua peke yake ni hesabu nusu. Nilisomea uuzaji, najua neno "kuanzia" linavyowekwa kwenye bango kwa maandishi makubwa, na najua yale mengine huwekwa wapi. Mpigie wakala, muulize hivi: nikigonga mimi, mwenye miaka hii na leseni ya miezi hii, natoa shilingi ngapi kabla hujatoa yako? Mwambie akuandikie kwa ujumbe. Wakala mzuri atajibu kwa dakika kumi. Anayezunguka, mwache. Kuna kampuni zinakuuzia nyongeza ya kufuta hicho kiasi cha mfukoni. Uliza kama inafuta na ile ya dereva mchanga, maana wakati mwingine inafuta ya kawaida tu na kijana anabaki pale pale.

Ukikubali bima kamili, fomu itakuuliza gari linalala wapi. Hapa watu wetu hupata kigugumizi. Ploti nyingi za Laini Saba au Kabiro hazina hata pa kuegesha baiskeli, na wenye magari hulipia usiku mahali penye mlinzi, petroli stesheni au uwanja wa kanisa. Andika ukweli huo. Sehemu yenye askari na geti ni jibu zuri, hata kama si nyumbani kwako. Ukiandika kwamba linalala kwa shangazi Lavington na liibwe Kawangware saa nane usiku, umeipa kampuni sababu ya kukukatalia. Uliza pia kuhusu ghasia za kisiasa. Uharibifu wa aina hiyo mara nyingi haumo kwenye bima ya kawaida hadi ulipie nyongeza, na sisi tunaoishi karibu na Ngong Road hatuhitaji kuelezwa kwa nini hilo ni swali la maana.

Uongo ninaousikia zaidi, hata hivyo, ni wa matumizi ya gari. Kijana anachukua bima ya gari la kibinafsi kwa sababu ni nafuu, kisha jioni anawasha app ya teksi. "Ni masaa mawili tu, nani atajua?" Atakayejua ni mpelelezi wa kampuni ya bima, siku abiria ameumia. Kampuni inaweza kwenda mahakamani kujitoa kwenye mkataba kwa sababu ulificha jambo kubwa, na ikifaulu, kesi ya abiria inabaki yako na ya aliyeandikwa kwenye logbuku, pengine babako. Bima ya teksi ni ghali zaidi, sibishi. Lakini ile uliyo nayo ukiwa na mteja nyuma ni karatasi tu. Heri ufanye hesabu ya teksi ukiwa umeweka bei halisi ya bima ndani yake, ndio ujue kama hiyo kazi inalipa.

Kuhusu kulipa, hapa ndipo sisi wa pesa za simu tuna neno. Usitume pesa ya bima kwa namba ya mtu binafsi, hata kama ni wakala unayemjua kutoka shule ya msingi. Kampuni za bima zina Paybill. Weka namba ya gari au ya mkataba kama akaunti, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN, na uhifadhi ujumbe wa malipo. Sheria yetu ya bima inataka malipo yafike kwanza ndipo bima ianze, kwa hiyo pesa iliyokwama kwa simu ya wakala inaweza kukuacha mtaani bila bima huku ukiamini unayo. Siku hizi cheti ni cha kidijitali, kinatolewa kupitia mfumo wa DMVIC wa kampuni za bima, na uhalali wake unaweza kuangaliwa kwa namba ya gari. Angalia hapo hapo, kabla hujawasha injini. Aliyekutumia picha ya cheti kwa WhatsApp hajathibitisha chochote.

Angalia pia kampuni yenyewe. Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, huchapisha kila mwaka orodha ya kampuni zenye leseni. Hili si jambo la kupuuza: United ilianguka mwaka 2005, Blue Shield ikawekwa chini ya msimamizi mwaka 2011, na Resolution mwaka 2022. Wenye matatu wanakumbuka vizuri, kwa sababu kesi zilibaki na kampuni haikuwepo. Mfuko wa kufidia, ule unaouchangia kwa asilimia 0.25, hulipa hadi shilingi 250,000 kwa dai moja. Linganisha na milioni 3. Kwa hiyo kampuni ikikutajia bei iliyo chini kabisa ya wenzake wote, mimi ningejiuliza madai inayalipa na nini.

Tatizo linalobaki ni pesa yenyewe, na kwa mtu anayelipwa kwa siku, 7,500 kwa mkupuo ni mlima. Ndiyo maana watu wananunua cheti cha mwezi mmoja mmoja. Kabla hujafanya hivyo, zidisha bei ya mwezi kwa 12 uone unafika wapi. Mara nyingi umeipita ya mwaka. Kampuni nyingine hukubali kugawanya bima ya mwaka: unalipa sehemu unapata cheti cha mwezi, unalipa tena cha mwezi wa pili, ukimaliza unapewa cha miezi iliyobaki. Hiyo ni bora, ukiuliza kama kuna riba au la. Na kwa mwaka unaofuata, fungua akiba ya kufunga kwenye simu na uweke shilingi 21 kila siku. Ni kama chapati moja. Mwaka ukiisha una 7,665, thadipati imelipwa na chenji imebaki. Kwa ile ya 30,175 ni shilingi 83 kwa siku, na hapo kila mtu ajue mfuko wake.

Ukichagua kulipa kwa vipande, weka alamu siku tano kabla ya kila cheti kuisha. Kikiisha Jumamosi usiku, Jumapili asubuhi gari hilo halina bima, hata kama unampeleka nyanya kanisani Makina na kurudi.