Mimbari Bila Kiti

Kwa miaka mingi Georgia Harkness aliwafundisha theolojia vijana wa kiume waliotoka darasani kwake wakaenda kupokea haki ambayo kanisa lilimnyima yeye, mwalimu wao.

Alizaliwa mwaka 1891 katika jimbo la New York, Marekani, akapata shahada ya uzamivu Boston mwaka 1923. Baadaye alifundisha Garrett, chuo cha Wamethodisti karibu na Chicago, akiwa mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa theolojia katika chuo kikubwa cha wachungaji nchini humo.

Tangu 1924 kanisa lake la Kimethodisti liliruhusu wanawake kuwekewa mikono kama wahudumu wa mahali tu, na Harkness aliwekewa mwaka 1926. Ruhusa hiyo ilikuwa na kasoro moja kubwa: haikuwapa uanachama wa mkutano wa mwaka wa wachungaji. Kwa Wamethodisti, uanachama huo ndio unaomhakikishia mchungaji kupangiwa kituo na askofu. Mwanamke aliweza kuhubiri leo, kesho akakosa pa kuhudumu, na hakuna aliyewajibika.

Waliotetea utaratibu huo walikuwa na hoja: askofu atafanyaje usharika ukimkataa mwanamke? Hofu hiyo si ya kupuuzwa, maana mchungaji asiyetakiwa huumia, na waumini huumia pia. Lakini sharika zimewahi kuwanung'unikia wanaume vilevile, na askofu hakuacha kuwapangia vituo. Uhakika wa kituo uliwekwa ili mhudumu asitegemee matakwa ya watu. Kumnyima mwanamke uhakika huo kwa sababu watu hawamtaki ni kuliondoa paa kwa kuwa mvua inanyesha.

Harkness alilipigania jambo hilo kwa miongo kadhaa. Mwaka 1956, Mkutano Mkuu wa kanisa hilo uliokaa Minneapolis ulipelekewa pendekezo la kuwapa haki ya uanachama wanawake wasioolewa na wajane tu; wajumbe wakauondoa mpaka huo na kuwapa wanawake wote haki kamili. Mwaka huohuo Maud Jensen, mmisionari aliyetumika Korea, akawa wa kwanza kupokelewa.

Harkness mwenyewe hakuwahi kuomba uanachama huo. Ndiyo maana ushindi wake haupimwi kwa cheo alichopata. Unapimwa kwa mwanamke anayepewa barua ya kupangiwa kituo bila kulazimika kuuliza kama anatakiwa. Kanisa lolote linalojisifu kwa wanawake wanaohubiri lijiulize kwanza wangapi wana barua hiyo.