Nilikuambia wewe, ama niliambia kambi?

Wiki hii vijana watatu wameniuliza swali moja: "Kaka, nataka kuandika filamu, nianzie wapi?" Nitajibu, ila kwanza niwaambie mahali nilipokosea mimi mwenyewe.

Mwaka juzi hapa Nakivale niliingia mafunzo ya siku tano ya kuandika skripti. Mwalimu alikuwa mtu mzuri, sina ubaya naye. Siku ya pili akasema kila mtu aandike safari yake ya ukimbizi. Wote tulielewa kinachotakiwa: risasi, pori, mtoto mgongoni, mpaka. Nikaandika usiku ule mama alipotutoa Kivu, na ndani yake nikaweka jambo ambalo mama aliniambia mimi peke yangu.

Skripti yangu ikachaguliwa. Ikawa filamu ya dakika nane, ikaonyeshwa jioni uwanjani, watu wamejaa. Wageni walilia. Mama alikuwa amekaa na majirani. Hakulia. Alisimama, akakunja mkeka wake, akaondoka. Jina nilikuwa nimebadilisha, lakini majirani walijua ni nani. Usiku akaniuliza: "Papa, nilikuambia wewe, ama niliambia kambi?"

Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu kamera wala kompyuta. Hadithi ya mtu, hata kama ni mama yako, omba kwanza. Umsomee ulichoandika kabla mtu mwingine hajakisoma. Akisema toa hapa, toa. Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, mkitupiga picha mnatupa karatasi ya kusaini, na ni vizuri. Lakini mama yangu hakupigwa picha na mtu yeyote, basi hakuna aliyemuuliza kitu. Na mkitangaza mafunzo, msituombe machozi peke yake. Kijana akijua kwamba kinachochaguliwa ni kilio, ataandika kilio, hata cha jirani.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mateso siyo hadithi bado. Hadithi inaanza pale mtu anapotaka kitu leo, na kuna kitu kinamzuia. Tafuteni filamu ya Kenya inaitwa Supa Modo, ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018. Ni kuhusu Jo, mtoto mgonjwa ambaye hatapona. Ingeweza kuwa kilio mwanzo hadi mwisho. Lakini Jo anataka kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu kama wale wa kwenye filamu. Dada yake anataka kumpa ndoto hiyo, mama anataka akae nyumbani salama. Wote wawili wanampenda, na bado wanagombana. Mi nilicheka sana kwenye filamu hiyo, na machozi yakaja bila kuitwa.

Hapa kwetu ziko nyingi. Kijana anasubiri kupigiwa simu ya usaili saa tisa, chaji imeisha, na mwenye duka la kuchajisha ndo yule anayemdai baba yake. Hiyo ni filamu ya dakika tano, na haina hata risasi moja.

Namna ya kuandika siyo siri. Juu ya kila onyesho andika kama ni ndani au nje, ni wapi, ni mchana au usiku. Chini andika kile tunachoona na kusikia tu. "Anakumbuka kwao" haionekani. "Anashika ufunguo wa nyumba ambayo haipo tena" inaonekana. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu, kwa hiyo dakika tano ni kurasa tano, usije na arobaini. Kwa kompyuta iko programu ya bure, Trelby. Kama huna, daftari na kalamu vinatosha, mi mpaka leo naanza kwa kalamu. Na usome skripti za watu. BBC wameweka nyingi kwenye tovuti yao ya waandishi, bila malipo. Ni za Kiingereza, sawa, someni wawili wawili na kamusi. Siku ukiwa na bando shusha tatu, zitakutosha miezi.

Mazoezi mengine hayana bando. Kaa kwenye foleni ya maji, sikiliza watu wanavyozunguka kabla ya kusema wanachotaka. Anayetaka kukopa unga ataanza kuulizia afya ya watoto.

Mimi sasa naandika kuhusu mama muuza mandazi ambaye kuku wake amepotea, naye ameona manyoya nyuma ya nyumba ya mkwe wake. Mama nimemsomea kurasa nne. Amecheka mara mbili. Ukurasa wa tatu ameukataa, anasema hakuna mwanamke wa kwetu anayeongea hivo na mkwe. Nimeuandika upya, kesho namsomea tena.