Kabla ya sindano, tucheze na mtoto

Mtoto wa miaka minne akiamka na homa, mzazi unajua mambo yatakavyokwenda: zahanati, foleni, kisha kutobolewa kidole apimwe malaria. Wewe umezoea. Yeye je, nani amemweleza?

Mara nyingi anachojua ni kile tunachomtishia mezani: "Usipokula, namwita daktari akuchome sindano!" Tunasema kwa mapenzi, tukitaka ashibe. Lakini maneno hayo anakwenda nayo hadi mlango wa chumba cha sindano. Wazazi wenzangu, tuyaache.

Badala yake, tucheze naye. Tafuta mdoli, hata wa matambara, pamba, na bomba jipya lisilo na sindano kutoka duka la dawa. Kisha mwachie mtoto awe daktari. Atampangusa mdoli mkono, atamchoma, atambembeleza: "Pole, inauma kidogo tu, tunakwenda nyumbani." Umesikia? Maneno hayo anajiambia mwenyewe. Akitaka kurudia mara kumi, mwache arudie. Kesho akiguswa na pamba yenye ubaridi, atajua kinachofuata, na jambo analolijua halimtishi kama lile linalomzukia ghafla.

Akikuuliza kama itauma, utamjibu nini? Mwambie kweli: itauma kidogo, itaisha, na mimi nitakuwa nimekushika. Ukimwambia haiumi, safari ijayo atakuamini vipi?

Kwa wachanga wa chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, mchezo bado. Hao ziwa la mama linawatosha: Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba mtoto anyonyeshwe wakati wa chanjo au muda mfupi kabla, akiwa amepakatwa.

Wauguzi wetu, tunajua foleni ni ndefu. Hata hivyo, je, hamwezi kumpa mtoto bomba tupu alishike kidogo, au kumwomba apulize mapovu ya sabuni wakati mnamchoma? Pumzi ndefu hutuliza, na macho yanakuwa kwenye mapovu.

Nanyi mafundi cherehani, vile vipande vya vitambaa mnavyofagia jioni vingetosha kushona midoli ya zahanati nzima. Nani ataanza mtaani kwake?

Baba, kaka, bibi, yeyote aliyepo nyumbani anaweza mchezo huu. Kama kesho kuna mtoto wa kupelekwa kliniki, chezeni naye leo jioni, na asubuhi aondoke na mdoli wake.