Sahihi Haizimi Moto

Sisi tuliosomeshwa chuoni kwa ubao na bakora twalijua neno dhamana tangu utotoni. Maalimu alitufunza kuwa aliyebeba dhamana ya mtu au ya mali yake haondokewi na mzigo huo kwa kusema tu kwamba ameutua. Neno hilo hunirudia kila nisomapo habari za mbio za magari ziitwazo dragi, na hasa zile za watu wa kawaida, wasiolipwa, katika viwanja vidogo vya Marekani.

Wasomaji wengi wanayajua mashindano ya Safari, ambamo gari hupita tope na vumbi kwa siku kadhaa. Dragi ni jambo jingine kabisa. Gari mbili husimama sambamba, taa ya kijani ikawaka, zikaondoka kwa ghadhabu. Mwendo wote ni robo maili, yaani mita 402 hivi, juu ya barabara iliyonyooka kama uzi. Mtazamaji hajamaliza kutafuna karanga zake, mchezo umekwisha. Mnamo 1950 kiwanja cha biashara kilifunguliwa Santa Ana, California, kwenye uwanja wa ndege, na mwaka uliofuata Wally Parks akaunda chama cha NHRA ili vijana waache kushindana katika barabara za mji. Nia hiyo ilikuwa njema, wala siishutumu. Hata leo wengi waendao huko mwisho wa juma ni makanika na makarani, na gari wamezitengeneza wenyewe nyuma ya nyumba.

Langoni hupewa karatasi. Imeandikwa kwamba mtiaji sahihi anaujua mchezo huu kuwa ni wa hatari, na kwamba akiumia au akifa, yeye na warithi wake hawatamdai mwenye kiwanja, hata kama mwenye kiwanja alizembea. Mara nyingi hutiwa sahihi kwa haraka, foleni ikisukuma nyuma. Hata ndugu aliyekuja kushika spana tu hutia yake.

Sasa natuutazame moto wenyewe. Ovaroli nyepesi kabisa katika daraja za nguo za mbio humkinga mvaaji kwa sekunde 3 kabla ngozi haijaanza kubabuka. Iliyo nene zaidi, ya daraja ya tano, humpa sekunde 10. Ikiwa gari la zimamoto limeegeshwa penye taa ya kuondokea, nalo laweza kwenda kilomita 60 kwa saa tangu tairi linapoanza kuzunguka, jambo ambalo haliwezekani, litafika mwisho wa robo maili baada ya sekunde 24. Na gari iliyoshika moto haisimami hapo. Hupita mbele sana ndipo itue. Fanya hesabu hiyo mwenyewe, msomaji, kisha uniambie ovaroli ile inamngoja nani.

Kuna na balaa la methanoli, ile spiriti ambayo baadhi ya madereva huitumia badala ya petroli. Mchana moto wake hauonekani kwa urahisi. Mwaka 1981, katika mbio kubwa za Indianapolis (ambazo si dragi, lakini mafuta ni yale yale), Rick Mears aliungua uso wakati gari lake likitiwa mafuta, na mafundi wake wakawa wanarukaruka na kujipigapiga kana kwamba wamepandwa na pepo. Watazamaji hawakuona mwali. Mzima moto asiyefunzwa hajui hata pa kuelekeza mtungi wake.

Mchezo wenyewe ulijifunza kwa damu. Don Garlits, bingwa mashuhuri, aliungua vibaya sana mwaka 1959 huko Chester, South Carolina. Zamani zile dereva wa gari kubwa za dragi alikaa nyuma ya injini, na mafuta yakiripuka upepo humletea moto kifuani. Mwaka 1970 giaboksi ilipasuka chini yake na kumkata sehemu ya mguu wa kulia. Akiwa kitandani akawaza, na 1971 akatokea na gari yenye injini nyuma ya dereva, akashinda nayo, na wengine wakamwiga. Hapakuwa na karatasi iliyomlazimisha.

Na sheria je? Nchi hazikubaliani. Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1977, mwenye biashara hawezi kwa maandishi kujivua dhamana ya kifo au jeraha lililotokana na uzembe wake. Jimbo la Virginia nalo, kwa hukumu ya 1992, halizitambui karatasi za namna hiyo. California imeshika njia nyingine. Mwaka 1989 mahakama ya rufani ilitoa hukumu katika kesi iliyohusu chama cha madereva wa dragi wa mitaani, ikasema karatasi ina nguvu. Wenye viwanja husema bila ya kinga hiyo bima ingewashinda, wangefunga, na vijana wangerudi barabarani. Hoja hiyo ina uzito, siipuuzi. Lakini dereva alipotia sahihi aliridhia kasi, tairi kupasuka na usukani kumponyoka. Kuridhia kwamba asiwepo mtu wa kumtoa katika moto ni ridhaa nyingine, na nina shaka kama kuna aliyewahi kuulizwa hivyo waziwazi.

Mwaka 2007 Mahakama Kuu kabisa ya California, katika kesi ya mtoto aliyezama katika kambi ya mji wa Santa Barbara, iliupunguza mlango huo: karatasi haiwezi kufunika uzembe uliokithiri. Basi swali limebaki kama mtungi mmoja wa kuzimia moto, ulioachwa penye taa ya kuondokea, ni uzembe wa kawaida au ni ule uliokithiri. Hilo huamuliwa na mawakili miaka baadaye, dereva akiwa keshapona au keshazikwa.